Ruben Birindwa Ndani ya Mkanda Mwekundu

Ndugu yetu tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 23 Machi 2019, ni Ruben Birindwa, mtoto wa nne na wa mwisho wa Mzee Birindwa Cirhuza na Mama Nabintu. Alizaliwa tarehe 12 Agosti 1980 katika mtaa wa Kadutu, mjini Bukavu, Kivu ya Kusini. Ndugu zake wawili, Aimé na Espérance, walitangulia wakiwa wadogo. Aliyebaki ni kaka yake Ignace, ambaye anausoma wasifu huu kwa niaba ya familia.

Kabla ya kuendelea, familia inaomba kusema jambo moja. Mara nyingi kwenye karatasi kama hii huandikwa kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, na watu wakaitikia kwa kichwa. Mjane wa marehemu, Denise, ambaye wengi mnamwita Mama Francine, ameomba safari hii isiandikwe hivyo. Amesema wengi waliokuja kumpa pole wameuliza pembeni Ruben alikufa na nini, na ni afadhali wasikie hapa mbele ya jeneza kuliko kwenye simu. Kwa hiyo yameandikwa kama yalivyotokea.

Mzee Birindwa alikuwa fundi redio, mwenye kibanda karibu na soko la Kadutu. Ruben alikulia chini ya meza ya kazi, kwenye harufu ya risasi ya kulehemu. Alipokuwa na miaka saba alichomoa sumaku kwenye spika ya redio ya katekista, akazunguka nayo mtaani akiokota misumari na sindano za mama zetu. Jumapili katekista aliwasha redio yake na haikutoa hata mkwaruzo. Ruben alipoulizwa sauti imekwenda wapi, alitoa ile sumaku mfukoni, imejaa misumari kama nungunungu, akasema, "Iko humu." Baba hakumpiga. Alimkalisha kwenye kigoda, akampa gundi, akakaa naye hadi redio ikasema. Kisha akampa sheria ya kibanda: ukifungua kitu cha mtu utakifunga wewe mwenyewe, usimwachie mwenzako. Ruben aliishika sheria hiyo maisha yake yote. Ilimsaidia mahali pengi.

Mwaka 1990, akiwa na miaka kumi, alipata homa iliyoanzia kooni, ikashuka kwenye magoti na viwiko, kisha ikafika moyoni. Dawa haikupatikana kwa wakati. Alipona, lakini tangu hapo alikuwa akipanda ngazi za Kadutu kwa vituo, na wenzake walimwita Mzee. Yeye aliwajibu kwamba mzee huheshimiwa, wambebee mkoba.

Alisoma shule ya msingi Kadutu na akaanza sekondari palepale mjini. Oktoba 1996 vita viliwatoa Bukavu. Familia ilitembea kuelekea kusini hadi Fizi, na huko, mwezi Novemba, Mzee Birindwa alifariki. Tarehe kamili hatuna, kwa hiyo hatukuiandika. Mama na wanawe wawili walivuka kuingia Tanzania, wakaishi katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Ruben alimaliza sekondari kambini mwaka 2001, kisha akafundisha fizikia kwa wanafunzi wa kambini bila maabara. Sumaku za somo alizitoa kwenye spika mbovu.

Tarehe 17 Mei 2005 walifika hapa Birmingham, Uingereza, na kupewa nyumba mtaa wa Bordesley Green. Ruben alipata kazi katika kiwanda cha kupaka kromu vyuma, Nechells, na jioni alisoma Kiingereza na hesabu. Alipoanguka kazini mwaka 2007 ndipo ilipojulikana kwamba vali moja ya moyo imeharibika tangu ile homa ya utotoni. Oktoba mwaka huohuo alifanyiwa upasuaji na kuwekewa vali ya kutengenezwa. Septemba 2008 aliingia chuo kikuu hapa mjini, akiwa na miaka ishirini na nane, darasani na watoto wa miaka kumi na minane. Alimaliza shahada ya fizikia mwaka 2012 na udaktari mwaka 2016. Siku ya kuvikwa joho, Mama Nabintu alimwuliza kama sasa anaweza kumwandikia dawa ya mgongo. Alimjibu, "Mama, mimi ni daktari wa mawe. Mgongo wako ungekuwa jiwe, ungekuwa umepona."

Ruben na Denise walikutana kwenye kwaya. Denise ni wa Uvira, na wakati ule alikuwa mgeni hapa, akiimba sauti ya kwanza. Ruben aliimba besi, na alikuwa na tabia ya kuchelewa kidogo kuingia kwenye wimbo. Denise alimwambia mbele ya watu wote kwamba kama besi inasubiri barua ya mwaliko, ataiandika. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Julai 2009. Mungu aliwajalia watoto wawili: Francine, aliyezaliwa mwaka 2010, na Norbert, aliyezaliwa mwaka 2014. Nyumba yao ilikuwa ya kelele na ya furaha. Watoto walisemeshwa Kiswahili wakajibu kwa Kiingereza, na Mama Nabintu, asiyejua Kiingereza, alijibu kwa kuwatazama tu.

Sasa tuseme kazi yake, kwa sababu bila kazi hiyo mengine hayaeleweki.

Ruben alikuwa mtafiti wa mawe ya aina fulani, madogo kuliko punje ya mchele, yanayong'aa kama kipande cha kioo cheusi. Wataalamu huyaita nusumetali za kitopolojia. Yeye na wenzake waliyaotesha wenyewe, kwa kuyeyusha madini ndani ya bomba lililofungwa na kuyaacha yapoe polepole kwa siku nyingi. Umeme hupita humo kwa namna ambayo haipo katika waya wa kawaida. Elektroni, yaani zile chembe zinazobeba umeme, ni chache, na kwenye njia fulani hukimbia kama vile hazina uzito. Ndani ya mawe hayo pia kuna atomi ambazo kila moja ni sumaku ndogo. Jiwe likiwa na joto, kila sumaku inatazama inakotaka. Likipozwa sana kwa heliamu, gesi iliyopozwa hadi ikawa majimaji, sumaku hizo hujipanga. Swali la Ruben lilikuwa moja: zikishajipanga, elektroni zinafanya nini?

Desemba 2017, baada ya mazoezi ya nyimbo za Krismasi katika ukumbi wa kanisa Nechells, mmoja wetu alimwuliza anafanya nini huko chuoni siku nzima. Ruben aliomba kwaya isimame tena. Ninyi mnajua kwaya yetu haiimbi imesimama kama nguzo. Tunaimba tukipiga hatua. Aliagiza mstari wa kwanza upige hatua kulia, wa pili kushoto, wa tatu kulia, wa nne kushoto, kisha akamwambia Francine, aliyekuwa na miaka saba, apite katikati kutoka mbele hadi nyuma. Francine alisukumwa huku, akarudishwa huku, akatokea nyuma palepale alipokusudia. Kisha Ruben akaagiza mistari yote ipige hatua kulia. Francine akapita tena, akatokea kando, kwenye viti vya ukutani, akicheka.

"Francine ni elektroni," Ruben alisema. "Ninyi ni atomi. Nani amemusukuma kwa mukono? Hakuna. Mumejipanga tu upande mumoja, na yeye njia yake imepinda."

Akaeleza kwamba watu wengi huona elektroni zikipinda hivyo zikiwa ndani ya sumaku kubwa, wakasema ni ile sumaku ya nje inayozipinda. Yeye aliamini kwamba mpangilio wa jiwe lenyewe unatosha. Akaonyesha kwa kiongozi wa kwaya, aliyekuwa akipiga makofi kuongoza hatua. "Swali langu njo hilo. Kiongozi akinyamaza, kwaya itaendelea upande uleule?" Aliongeza kwamba mfano wake una makosa na akayataja moja baada ya jingine, lakini hakuna aliyeyashika, na chai ilikuwa imeiva.

Huko chuoni, chumba cha sumaku hiyo kubwa kilikuwa na mkanda mwekundu uliobandikwa sakafuni kuizunguka. Mlangoni kulikuwa na picha ya moyo uliopigwa mstari. Maana yake ni kwamba mtu mwenye mashine ya kurekebisha mapigo ya moyo haruhusiwi kuvuka, kwa kuwa sumaku inaweza kuivuruga mashine hiyo. Vali ya Ruben ilikuwa ya aina isiyo na shida na sumaku, na daktari alikuwa amemthibitishia. Kila alipopita kwenye picha ile aliigusa kama mtu anayebisha hodi.

Novemba 2018 Ruben alizimia jikoni kwake, akaamka peke yake, akasema ni uchovu. Wiki mbili baadaye alizimia tena kwenye kituo cha basi. Jirani yao Fartun, dada wa Kisomali aliyelelewa Garissa, hufanya kazi ya kupima mapigo ya moyo hospitalini. Yeye ndiye aliyemburuta hadi kwa daktari. Kipimo alichovaa kifuani kilionyesha kwamba umeme wa moyo wake unakatika. Moyo ulikuwa ukisimama, ukasita, kisha ukaanza tena. Daktari alisema wazi kwamba siku moja utasita usianze, na kwamba dawa yake ni kuwekewa betri chini ya ngozi, mashine ndogo ya kuusukuma moyo kila unaposita. Alipewa tarehe ya karibu, Jumatatu 14 Januari 2019. Ruben aliiahirisha.

Sababu yake ilikuwa hii. Katika msimu wa majani kuanguka, kundi lao lilikuwa limepata jiwe jipya. Mawe ya awali yalijipanga kwa kupishana, kama mistari ya kwaya ile ya mara ya kwanza. Hili jipya lilijipanga lote upande mmoja. Ndilo jiwe alilokuwa akilitafuta tangu aanze udaktari. Nayo sumaku kubwa ilikuwa izimwe Ijumaa tarehe 15 Machi kwa matengenezo ya miezi mingi. Akishawekewa betri, hangevuka tena mkanda mwekundu, si mwaka huu wala mwaka wowote.

Fartun alimfuata nyumbani. Hakukaa kitini.

"Ruben, wewe ni mtu wa umeme," alisema. "Nyumba yako waya ukitoa cheche, utangoja Machi?"

"Dada Fartun, mukiniwekea hiyo betri, ule mulango nitauangalia kwa dirisha mupaka nizeeke."

"Si angalau utazeeka."

Ruben alicheka. Denise hakucheka. Tangu zamani alizoea kuiita sumaku ile mke mwenzake, aliyejengewa nyumba ya baridi kuliko zote duniani, na ilikuwa mzaha wa nyumba nzima. Siku hiyo alisema, "Mimi sina wivu na mwenzangu. Lakini yeye hatakuzika. Nitakuzika mimi." Kisha akaondoka kwenda kumlaza Norbert.

Mafundi wenzake pia walijaribu. Bwana Tarlochan, aliyeko hapa nasi leo, ameitunza sumaku ile tangu iletwe. Yeye hujaza heliamu na anajua kila mlio wake. Alimwambia Ruben aende akatibiwe, na yeye atalishusha jiwe ndani kwa niaba yake. Profesa Harbans, mkuu wao, alimpa ruhusa ya kuketi chumba cha pili, nje ya mkanda, na kusoma kila kitu kwenye kompyuta. Kazi nyingi ilikuwa ya kompyuta kwa vyovyote. Ilibaki dakika chache tu za kuvuka mkanda, kupanda jukwaa na kuishusha fimbo ndefu iliyobeba jiwe hadi ndani ya baridi.

Dakika hizo ndizo Ruben alizokataa kumpa mtu. Jiwe lilishikwa na nyaya za dhahabu nyembamba kuliko unywele, alizozibandika mwenyewe kwa rangi yenye unga wa fedha akitazama kwa hadubini. Fimbo ikishuka haraka, rangi hupasuka kwa baridi na waya huachia. Mwanafunzi mmoja aliishusha haraka mwezi Novemba, nyaya mbili zikaachia, na kazi ya wiki tatu ikapotea. Bwana Tarlochan alimkumbusha kwamba yeye si mwanafunzi. Ruben alikubali kwamba si mwanafunzi, akamshukuru, akasema atashusha mwenyewe. Nyumbani alipoulizwa na kaka yake, aliyemwita Yaya, yaani mkubwa wake, alijibu kwa sheria ya kibanda cha Kadutu.

"Yaya, nimefungua mimi. Nitafunga mimi."

Familia iliitisha kikao Jumapili tarehe 13 Januari, Mama Nabintu akiwa mwenyekiti. Ruben alisikiliza mpaka mwisho. Aliomba tarehe 11 Februari. Ilipofika, mitambo ya kupoza sumaku ilikuwa imesumbua na jiwe lilikuwa bado juu ya meza, akaahirisha tena hadi Jumatatu tarehe 18 Machi, siku ya kwanza ya kazi baada ya sumaku kuzimwa. Safari hii aliapa mbele ya mama yake. Alikuwa amekonda, na alipopanda ngazi za nyumbani alikaa katikati na kujifanya anafunga kamba za viatu. Norbert alijifunza kukaa naye hapo. Walizungumza habari za magari.

Jumatatu tarehe 4 Machi aliishusha fimbo. Bwana Tarlochan alikuwapo, amesimama chini ya jukwaa mikono ikiwa wazi, kama mtu anayesubiri embe lianguke. Ruben aliishusha taratibu mno, akipumzika kila baada ya kiasi, na hakuna waya hata mmoja ulioachia. Alirudi nyumbani, akala vizuri. Alimwambia Denise kwamba sehemu yake ya hatari imekwisha, sasa ni kukaa kwenye kiti. Denise alimwuliza, kama imekwisha, kwa nini asipige simu hospitali kesho wamwingize mapema. Alisema atapiga.

Hatujui kama angepiga. Asubuhi ya Jumanne tarehe 5 Machi alimpeleka Francine shuleni, akapanda basi hadi chuoni, akaketi kwenye kompyuta yake nje ya mkanda mwekundu. Akaanza kupandisha nguvu ya sumaku kidogo kidogo, kama alivyopanga. Saa nne na nusu asubuhi alisimama kwenda kuchukua chai, akaanguka kwenye korido. Bwana Tarlochan alimsukuma kifua hadi ambulensi ilipofika, na hakuacha alipochoka. Ruben hakurudi. Madaktari wa hospitali kubwa ya hapo karibu walithibitisha kifo chake saa tano na robo. Uchunguzi ulisema kile kilichokwisha kusemwa: moyo ulisita, haukuanza tena. Alikuwa na miaka thelathini na minane.

Sumaku haikumwua. Tunaandika hivi kwa sababu baadhi yetu tulisema hivyo kwenye matanga, na si kweli. Alikuwa nje ya mkanda. Wala hospitali haikumkosea, wala chuo. Kila mtu alimwambia.

Ijumaa tarehe 8 Machi, nyumba ikiwa imejaa watu wa matanga, Profesa Harbans na Bwana Tarlochan walikuja Bordesley Green. Walivua viatu mlangoni kwenye rundo la viatu vyetu, wakakaa chini na wengine. Baada ya pole walisema lililowaleta. Jiwe lilikuwa bado ndani ya sumaku, kwenye baridi, nyaya zote nzima. Walikuwa wamebakiwa na wiki moja. Hawakutaka kuigusa kazi ya marehemu bila idhini. Familia ikisema fimbo itolewe, itatolewa siku hiyohiyo. Ikisema waendelee, wataendelea.

Mama Nabintu, alipotafsiriwa maneno yao, alisema itolewe. Kwetu mtu akilala matangani, jembe hulazwa, kibanda hufungwa, hata redio huzimwa. Mashine iliyomchosha mwanawe haiwezi kuendelea kunguruma naye yuko kwenye barafu. Wazee waliokuwapo walimwunga mkono.

Denise alikuwa ameketi kwenye godoro, kichwa kimefungwa. Alimwomba mama mkwe wake radhi kwanza.

"Mama, mimi pia nimeichukia hiyo kitu. Lakini ameacha watoto kwa ajili yake. Wamalize. Nataka kujua kama ilikuwa ya bure."

Mama Nabintu alisema, "Basi wafanye polepole." Hiyo ndiyo idhini waliyoondoka nayo.

Waliendelea. Bwana Tarlochan alijaza heliamu mwenyewe. Walipandisha nguvu ya sumaku hadi atomi za jiwe zote zikatazama upande mmoja, kisha wakaanza kuishusha taratibu, wakipima elektroni njia nzima. Alhamisi tarehe 14 Machi sumaku kubwa ilifika sifuri. Jioni ile Bwana Tarlochan alirudi Bordesley Green, peke yake, akiwa na karatasi moja yenye mstari uliochorwa. Alieleza kwa Kiingereza, na alikuwa akilia, kwa hiyo alieleza vibaya. Mama Nabintu alimtazama, akatutazama sisi, akauliza mgeni anasema nini.

Aliyemjibu ni Francine. Mtoto huyu, mwenye miaka minane, alikuwa hajawahi kutujibu kwa Kiswahili hata kwa kubembelezwa. Alisimama mbele ya bibi yake, akayatafuta maneno moja moja.

"Bibi, kiongozi amenyamaza. Kwaya inaendelea. Inaendelea upande uleule. Mimi bado ninapinda."

Kwa hiyo Ruben alikuwa sahihi. Profesa Harbans ametuomba tuandike kwamba kipimo kimoja hakitoshi, kwamba kitarudiwa na wengine kabla ya kuaminiwa. Tumeandika. Ameomba pia tuandike kwamba jina la Ruben litatangulia kwenye taarifa ya utafiti huo.

Denise alipokwisha kuelezwa yote hayo aliichukua ile karatasi, akaitazama muda mrefu, akamrudishia Bwana Tarlochan na kumshukuru. Ameomba maneno aliyoyasema siku ile yasomwe kama yalivyo, kwa ajili ya yeyote aliyesimama hapa na tarehe ya hospitali anayoiahirisha: "Nimefurahi haikuwa ya bure. Lakini jiwe lingesubiri. Limekaa na baridi yake wiki nzima bila yeye, na mikono ya wengine imelitosha."

Ruben ameacha mama yake, Mama Nabintu, mjane, Denise, watoto wawili, Francine na Norbert, kaka yake Ignace, shemeji na wapwa, jirani yake Fartun, ambaye familia inamhesabu kama dada, wenzake wa kazi, na kwaya yake, ambayo leo itaimba bila besi upande wa kushoto. Aliomba zamani, kwa mzaha, kwamba siku ya kumzika tusiimbe tumesimama kama nguzo. Tutapiga hatua.

Ijumaa tarehe 15 Machi, kama ilivyopangwa, Bwana Tarlochan alipanda jukwaa, akaipandisha fimbo taratibu, akalitoa jiwe na nyaya zake zote, akaizima sumaku.

Ruben, lala salama. Ulichokifungua kimefungwa, na hukukifunga wewe.